Mshono, Gundi na Msasa: Historia ya Chombo Kinachoundwa Uani

Neno msasa lilikuwa jani kabla halijawa karatasi. Msasa ni mti wa jamii moja na mkuyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, na majani yake yana ukwaruzo mkali mfano wa ulimi wa paka. Kwa majani hayo mafundi wa zamani walilainisha vipini, fimbo na samani. Viwanda vya Ulaya vilipoleta karatasi iliyobandikwa chenga za kioo na mchanga, wenyeji wa pwani hawakuona haja ya kuiazimia jina. Waliipa jina la mti ule ule, kwa kuwa kazi ni ile ile. Baadaye neno likapanda daraja likaingia katika elimu ya utunzi. Leo shairi hupigwa msasa, hotuba hupigwa msasa, na hata kijana anayetoka masomoni hupigwa msasa kabla ya kukabidhiwa kazi.

Ni ajabu basi kwamba historia za vyombo vya baharini husimulia kwa urefu habari za tezo, msumeno, msumari na tanga, lakini zikifika kwenye msasa hupita upesi, kama kwamba kulainisha si kuunda. Ukweli ni kinyume chake, na hakuna chombo kinachoushuhudia ukweli huo zaidi ya mtumbwi wa plaiwudi unaoundwa nyumbani na mtu asiyekuwa fundi, kwa gundi ya epoksi na karatasi za msasa. Chombo hicho kilizaliwa Uingereza na Marekani katika karne ya 20. Hata hivyo nasaba yake ni ndefu, na tawi moja la nasaba hiyo linagusa visiwa vya pwani hii.

Mshono wa kale

Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea, kilichoandikwa katika karne ya 1 Miladia, kinataja bandari ya mwisho ya biashara katika pwani ya Azania, jina lake Rhapta. Mwandishi wake anaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwako huko, kwani katika Kigiriki kitenzi cha kushona kina mzizi huo. Anakitaja pia kisiwa cha Menouthias, ambacho wanahistoria wamekifananisha na Unguja, Pemba au Mafia, kuwa na vyombo vya namna hiyo. Karne 13 baadaye Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika habari za vyombo vya Bahari ya Hindi vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, na sababu aliyoitoa ni ya mtu aliyesafiri: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali cha kushonwa huwa na ulegevu unaokiokoa.

Mtepe wa visiwa vya Lamu ulikuwa wa mwisho wa ukoo huo mkubwa hapa Afrika Mashariki. Mbao zake zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka. Kamba ndiyo iliyobeba kazi kwa muda wote wa maisha ya chombo. Ikioza, chombo hushonwa upya. Mabaharia wa mtepe walijua vilevile gharama ya ulegevu ule: maji yalipenya, na kufua maji kulikuwa sehemu ya safari kama kulivyokuwa kushika usukani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mtepe ukatoweka baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mmoja uliundwa upya Zanzibar na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Jahazi la misumari lililorithi nafasi ya mtepe lilikuwa na dawa zake za kuzuia maji. Nyufa baina ya mbao hutiwa kalafati ya pamba. Sehemu iliyo chini ya maji hupakwa deheni, ambayo ni shahamu iliyochanganywa na chokaa. Na mbao za juu hunyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa. Dawa zote hizi ni za kurudiwa. Fundi wa jahazi hadai kwamba amelifunga bahari nje milele. Anadai tu kwamba amefanya nayo mapatano ya msimu mmoja.

Hapo ndipo penye fumbo la historia hii. Wakati mshono unazikwa Lamu, mbali na hapo ulikuwa ukikaribia kuzaliwa upya, na safari hii ungeandamana na gundi iliyodai jambo ambalo deheni haikuwahi kulidai.

Ubao uliomenywa

Plaiwudi hupatikana kwa kulimenya gogo kama muuza machungwa anavyomenya chungwa, ganda likatoka jembamba na refu bila kukatika. Maganda hayo ya mti hupangwa, nyuzi za moja zikikingama nyuzi za jingine, kisha hugandishwa kwa gundi. Wazo lenyewe ni la zamani mno: ndani ya piramidi ya ngazi ya Saqqara, Misri, lilipatikana jeneza la matabaka 6 ya mbao lililotengenezwa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Kiwandani, mbao za matabaka 3 zilioneshwa katika maonesho ya Portland, Marekani, mwaka 1905, na soko likafunguka.

Lakini ubao ule ulikuwa wa milango na makabati. Gundi zake zilitokana na soya, damu ya wanyama na maziwa, na zilipolowa zilisahau kazi yake, matabaka yaliachana. Mwaka 1934 mkemia James Nevin wa kampuni ya Harbor Plywood, katika jimbo la Washington, alifanikiwa kupata gundi isiyoyeyushwa na maji. Miaka 6 baadaye, Novemba 1940, ndege ya Kiingereza de Havilland Mosquito iliruka kwa mara ya kwanza, mwili wake ukiwa wa plaiwudi ya mti wa birch iliyobana mbao nyepesi ya balsa katikati. Mosquito za awali ziligandishwa kwa gundi ya maziwa, na zile zilizofuata kwa gundi za viwandani, baada ya kudhihirika kwamba unyevu ni adui asiyesamehe. Vita vilipokwisha, elimu ile ya mbao nyembamba na gundi ngumu ilibaki mikononi mwa mafundi wengi wasiokuwa na ndege za kuunda.

Msomaji wa pwani hana budi kuutambua mti mmoja katika hadithi hii. Plaiwudi nyepesi inayopendwa zaidi kwa mitumbwi na mashua ndogo hutokana na okume, mti wa misitu ya Gabon, ambao magogo yake yalianza kupelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miongo mingi gogo liliondoka Afrika likiwa ghafi na kumenywa ng'ambo. Mwaka 2010 Gabon ilipiga marufuku kusafirisha magogo ghafi ili umenyaji wenyewe ufanyike nchini. Kwa hiyo mtumbwi unaosifiwa kuwa umeundwa kwa mikono katika uani wa nyumba ya London au Annapolis huenda ubavu wake ulimea karibu na mstari wa ikweta.

Gundi iliyokusudiwa meno

Epoksi haikubuniwa kwa ajili ya bahari. Mkemia wa Kijerumani Paul Schlack aliandikisha hataza inayohusu kemia hiyo mwaka 1934, na mkemia wa Uswisi Pierre Castan, aliyefanya kazi katika kampuni ya vifaa vya meno ya De Trey, akaendeleza utafiti wake mwishoni mwa miaka ya 1930 akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Utomvu alioupata ulikuwa na tabia moja ya thamani: ulipoganda haukunywea kama tomvu nyingine zinywavyo. Kampuni ya Ciba ilichukua haki zake, na mwaka 1946 gundi iliyoitwa Araldite ikaoneshwa katika maonesho ya biashara ya Basel. Marekani nako Sylvan Greenlee alikuwa akifanya kazi inayofanana na hiyo kwa ajili ya rangi za kupaka.

Epoksi ni ndoa ya vimiminika viwili. Kimoja ni utomvu, cha pili ni dawa ya kuugandisha, na kila kimoja peke yake kinaweza kukaa koponi muda mrefu bila kubadilika. Vikikutana kwa kipimo chake, huanza kushikana chembe kwa chembe, na katika kushikana huko hutoa joto. Havikauki kama rangi ikaukavyo kwa kupoteza maji au spiriti hewani; hubadilika vyote viwili vikawa kitu cha tatu, na hakuna kurejea. Ndiyo maana mtu anayedhani kwamba kuongeza dawa kutaharakisha kazi hujikuta na gundi isiyoganda kamwe, kwa kuwa ziada hubaki bila mwenzi.

Mshono warejea

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchini Uingereza, Ken Littledyke alikuwa akibuni mitumbwi ya plaiwudi kwa njia iliyoonekana kuwa mpya. Vipande vya ubao hukatwa kwa umbo maalumu vikiwa bapa, hutobolewa matundu madogo ukingoni, kisha hushonwa kwa waya wa shaba. Waya ukivutwa, vipande bapa hujikunja vyenyewe vikawa chombo. Hakuna mataruma ya kuchongwa kwanza, wala kiunzi kikubwa cha kushikilia umbo. Umbo limefichwa ndani ya mikato ya ukingo. Ndani ya viungo hupakwa utomvu na utepe wa nyuzi za kioo, na mshono umekamilisha wajibu wake.

Njia hiyo ilitoka kwa wachache ikaenda kwa umma kwa mashua iitwayo Mirror, iliyopewa jina la gazeti la Daily Mirror na matanga mekundu yanayofanana na rangi ya gazeti hilo. Waliobuni ni Jack Holt, mchoraji mashuhuri wa mashua, na Barry Bucknell, ambaye Waingereza walimjua kwa vipindi vyake vya televisheni vya kuwafundisha watu kujifanyia kazi za nyumbani. Ilitolewa mwaka 1963, urefu wake mita 3.3, uzito wa mwili wake kilo 45 hivi, na furushi la vipande vyake liliuzwa kwa pauni 63 na shilingi 11. Zaidi ya Mirror 70,000 zimeundwa, nyingi katika mabanda ya magari, sebule na nyua za watu ambao hawakupata kushika tezo. Moja ya mashua hizo ilimbeba mwalimu A. J. Mackinnon katika miaka ya 1997 na 1998 kutoka mpakani mwa Uingereza na Wales, kwa mito na mifereji, hadi Bahari Nyeusi.

Kabla ya hapo, mashua ya starehe Uingereza ilikuwa alama ya tabaka. Mwenye nayo alikuwa na pesa za kumlipa fundi, au alikuwa na ndugu fundi. Waya wa shaba na utepe wa kioo viliivunja kufuli hiyo. Ni kweli kwamba mshono huu si mshono wa mtepe. Kule kamba ilikuwa mshipa wa chombo hadi siku yake ya mwisho. Huku waya ni kama bizimu inayoshikilia nguo hadi cherehani ipite, kisha hukatwa au huchomolewa. Lakini busara ya kwanza ni moja: kwamba mbao mbili zinaweza kuambizana umbo kwa uzi tu, bila ya msumari kuzilazimisha.

Utomvu uliotumika kwanza haukuwa epoksi, bali ule wa polyester, ambao ni rahisi lakini haushiki mti kwa uaminifu wa muda mrefu. Mabadiliko yaliletwa na ndugu watatu wa Bay City, Michigan, Meade, Jan na Joel Gougeon, waliofungua karakana yao mwaka 1969. Mwaka 1970 waliishusha majini Adagio, chombo cha viwiliwili vitatu chenye urefu wa futi 35, kilichogandishwa na kuzibwa chote kwa epoksi. Wazo lao halikuwa kuunganisha mbao tu. Walitaka kila upande wa kila ubao ufunikwe ili unyevu usiingie wala usitoke, mti ubaki mkavu maisha yake yote. Muda mfupi baadaye walianza kuuza epoksi kwa waundaji wengine, na mwaka 1979 wakachapisha kitabu cha mafunzo ambacho kimekuwa rejea ya wengi. Katika jimbo la Maine, Harold Payson alikuwa akiwafundisha watu wa kawaida kuunda mashua rahisi kutokana na michoro ya Phil Bolger. Hadi miaka ya 1990, mitumbwi ya plaiwudi na epoksi ilikuwa imekuwa mila kamili, yenye wazee wake na wanafunzi wake.

Kazi yenyewe

Anayesoma michoro hudhani kwamba kushona ndiko kazi. Kwa hakika kushona huchukua siku mbili tatu, na jioni ya siku ile chombo husimama kikiwa na sura yake yote, kiasi cha majirani kuja kukipongeza. Hapo ndipo safari inapoanza. Kinachofuata ni majuma ya kupaka, kungoja na kusugua, na vyombo vingi vilivyoachwa mabandani viliachwa katika kipindi hiki, si wakati wa kukata wala kushona.

Kwanza huja rojo la kiungo. Epoksi huchanganywa na unga laini wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, ikajazwa katika pembe ya ndani ambapo mbao mbili zakutana, na kulainishwa kwa kijiti cha mviringo ili pembe kali iwe bonde la duara. Bonde hilo ndilo litakalobeba nguvu, na juu yake hulazwa utepe wa nyuzi za kioo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye epoksi huongeza kwamba uvimbe anaouacha leo ungali laini, ambao angeuondoa kwa kupitisha kidole kimoja chenye glovu, kesho utamdai nusu saa ya msasa. Sehemu kubwa ya ustadi wa kusugua ni kutengeneza kisichohitaji kusuguliwa.

Kisha huja tabaka la kwanza juu ya ubao mtupu. Nyuzi za mti hunywa utomvu zikasimama, na ubao uliokuwa laini huamka asubuhi una vinyweleo. Wakati wa kupaka nao una hukumu yake. Ubao ukipakwa asubuhi, hewa iliyomo ndani yake hupanuka kadiri jua linavyopanda na kutoa mapovu katika utomvu. Ukipakwa alasiri, joto likianza kushuka, mti huvuta pumzi kwa ndani na kuunyonya utomvu. Katika nchi za joto mchanganyiko mwingi ulioachwa ndani ya kopo huchemka wenyewe, hufuka moshi na kuwa jiwe kabla haujatumika; humiminwa basi katika sahani pana, ambapo joto lake hupata njia ya kutoka.

Usiku wenye unyevu huzaa jambo jingine. Dawa ya kugandisha hukutana na maji na hewa ya kaboni iliyomo angani, na asubuhi uso wa epoksi huwa na utando unaoteleza kama nta. Asiyeujua huchukua msasa mara moja. Karatasi hujaa utelezi na kuziba, utando husambazwa badala ya kuondoka, na miezi kadhaa baadaye rangi hubanduka kwa mapande. Dawa ya utando huo ni maji matupu na kitambaa cha kusugulia, kwa sababu huyeyuka majini. Wengi huona vigumu kuamini kwamba kitu kilichozaliwa na kemia nzito namna hii huondolewa kwa maji ya ndoo. Basi kuosha hutangulia kusugua, na mpangilio huo haubadiliki.

Ndipo msasa wenyewe. Karatasi ya namba 80 huondoa vilima, ya 120 hufuta mikwaruzo ya ile ya kwanza, na ya 220 hutayarisha uso kupokea rangi au vanishi. Mwenye haraka huruka daraja akidhani amejipunguzia kazi, kumbe mikwaruzo mikubwa hujificha chini ya vumbi na kujitokeza siku ya vanishi. Karatasi huzungushiwa kibao, kwa kuwa vidole vitupu hufuata mabonde na kuyachimba zaidi. Na kwa ubavu mrefu hutumiwa kibao kirefu kinachonesa, kinachopita juu ya vilima bila kuingia mabondeni. Baada ya mipito michache uso hujieleza. Penye kilima hufifia, penye bonde hubaki panang'aa. Mng'ao hapo ni dalili ya kasoro, na kazi huendelea mpaka chombo chote kiwe kimefifia sawasawa, cheupe kama kilichopakwa majivu. Kisha huachwa, kwani mwenye kupita kiasi hukata nyuzi za kioo zilizoko chini, au hutoboa ganda la juu la plaiwudi ambalo huenda halifikii unene wa milimita 1, na rangi ya ganda la pili hutokea kama doa lisilofutika.

Jicho si shahidi wa kutosha katika kazi hii. Mafundi hupitisha kiganja wakiwa wamefumba macho, kwa maana ngozi huhisi wimbi ambalo mwanga wa mchana hulificha. Wengine hungoja usiku, wakaweka taa chini kando ya ubavu, ili kila kilima kitupe kivuli chake. Mwisho wa yote hupakwa vanishi au rangi, si kwa urembo tu. Epoksi, kwa ugumu wake wote, huharibiwa na mwale wa jua: hugeuka rangi, hupauka, kisha hupasuka. Gundi iliyodai kwamba imemaliza mapatano ya kila msimu nayo ina msimu wake.

Vumbi na gharama yake

Karatasi ya msasa nayo ina historia ya mateso. John Oakey alianza kuitengeneza kwa wingi London katika miaka ya 1830, na huko Vermont, Isaac Fisher akapata hataza za utengenezaji wake mwaka 1834. Kwa karibu miaka 90 karatasi zote zilikuwa za kusugulia kavu, na waliosugua waliishi ndani ya wingu. Katika viwanda vya magari wingu hilo lilikuwa na risasi iliyomo katika rangi. Mtengeneza wino wa Philadelphia, Francis Okie, ndiye aliyebuni karatasi inayostahimili maji, na kampuni ya 3M, iliyoanzishwa mwaka 1902 kwa ajili ya mgodi wa mawe ya kunolea ambao haukuwa na mawe yaliyotarajiwa, ikaanza kuiuza mwaka 1921. Kwa kusugua kwa maji, vumbi likawa tope, na tope haliingii mapafuni.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Epoksi isiyokomaa inaongeza balaa la pili: vumbi lake na utomvu wake huweza kuufundisha mwili chuki. Mtu hufanya kazi mwaka mzima bila dhara, kisha siku moja mikono humvimba na kuwasha, na tangu hapo mwili wake haumsahau adui yule. Tone dogo tu humrudishia ugonjwa, na kwa kawaida hali hiyo hudumu maisha yote. Ndiyo sababu walimu wa fani hii hawafanyi mzaha juu ya glovu, barakoa na subira ya kuacha gundi ikomae siku kadhaa kabla ya kusuguliwa. Karatasi hiyo hiyo ya msasa inayomfungulia maskini mlango wa bahari inaweza kumfungia mlango wa karakana, asipojihadhari.

Inafaa kuyapima haya pamoja na sifa za uhuru zilizotajwa. Fundi wa jahazi hujifunza kwa miaka, na katika miaka hiyo mwalimu wake humwonya kwa macho na kwa mdomo. Muundaji wa uani hununua furushi, hufungua karatasi ya maelezo, na mara nyingi hana wa kumwonya isipokuwa maandishi. Chombo kimetolewa mikononi mwa wachache. Ulinzi wa elimu haukutolewa pamoja nacho kwa kiasi kile kile. Ndipo vitabu kama vya akina Gougeon vinapopata uzito wake, kwa kuwa vimejaribu kufanya kazi ya mwalimu aliyesimama kando.

Maneno ya chombo

Wako mafundi, wa Ulaya na wa pwani, wasemao kwamba chombo cha plaiwudi na gundi si chombo, kwa sababu hakina mataruma ya mti uliopinda wenyewe msituni, wala hakina kalafati. Shaka hiyo si mpya. Mshono wa mtepe ulikabiliwa na msumari, msumari ukakabiliwa na gundi, na kila kipya kilipunguza maarifa fulani na kuleta mengine. Epoksi imeondoa haja ya kujua mti upi una pinda la taruma, na badala yake imedai mtu ajue unyevu wa hewa, saa ya kupaka, kipimo cha ndoa ya vimiminika, na ukimya wa kiganja juu ya ubavu. Hayo ni maarifa, wala si duni kwa kuwa yanashikwa na mtu aliyejifundisha.

Hasara iliyo kubwa zaidi iko kwenye lugha. Mtepe ulipokwenda, ulikwenda na msamiati wake. Majina ya mafundo yake, ya tundu zake, ya kila namna ya kamba, leo yanatafutwa katika kamusi za wageni waliokuwa na bidii ya kuyaandika. Maneno ya jahazi bado yapo vinywani mwa mafundi wa Lamu, Unguja na Pemba, lakini kila mwaka wenye nayo hupungua. Na epoksi imekuja pwani katika makopo yenye maelezo ya lugha za mbali, hali Kiswahili kina kalafati, deheni, rojo, bizimu, utomvu, kiungo na mshono, maneno yaliyokwisha kusafiri baharini na yanayoweza kubebeshwa kazi mpya, kama jani la msasa lilivyobebeshwa karatasi.

Kazi hii ni ya washairi kama ilivyo ya mafundi. Utando wa nta juu ya epoksi hauna jina la Kiswahili lililokubaliwa. Wala halina tabaka lile la kwanza linaloamsha vinyweleo vya ubao, wala rojo la unga wa mbao, wala kibao kirefu kinachonesa. Mafundi wa faiba wanaokarabati mashua za utalii katika pwani hii huyaita kwa majina yao ya karakana, na majina hayo yanastahili kukusanywa kwa kalamu na daftari wakati wenye nayo wangali kazini, kabla ya kamusi ya mgeni mwingine kuja kuyaokoa mabaki.